Hita ya gari inapuliza ubaridi? Shika mipira miwili kabla hujagusa dashibodi

Kipupwe kikifika, kazi za gereji yetu hapa Njombe hubadilika. Breki na bushi zinapungua, hita zinaongezeka. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi unakuta jalidi nyeupe juu ya majani, na ukipanda kuelekea Makete na Kitulo ndiyo usiseme. Mtu aliyenunua gari lake Dar es Salaam anaweza kukaa nalo miaka bila kujua hita yake ni nzima au mbovu. Akihamishiwa huku kikazi, wiki ya kwanza tu anafika gereji: "Fundi, hita imekufa, fungua dashibodi uangalie."

Dashibodi sifungui hivi hivi. Kutoa dashibodi ya Noah au Harrier ni kazi ya siku nzima, na ikirudishwa na fundi mwenye haraka italia kwenye kila tuta hadi siku unauza gari. Halafu tatizo lenyewe mara nyingi haliko huko. Liko mbele, chini ya boneti, na kwa magari yanayotoka mikoa ya joto sababu ninayokutana nayo zaidi ni kitu ambacho kilitolewa na fundi mwingine kwa nia njema kabisa. Nitafika hapo.

Kwanza jiulize lalamiko lako ni lipi kati ya haya mawili, kwa sababu watu wanayachanganya. Je, upepo wenyewe ni mdogo, yaani hata ukiweka feni namba nne mkono wako unahisi kidogo tu? Au upepo ni mwingi lakini hauna joto? La kwanza ni shida ya njia ya hewa: filta, feni, umeme. La pili ni shida ya maji ya injini. Ukilijua lako, umeshapunguza nusu ya kazi.

Hita haina moto wake. Inakula joto la maji yanayopoza injini. Pampu inasukuma maji ya moto kupitia mpira mmoja, yanapenya ukuta ulio kati ya injini na miguu ya abiria, yanazunguka ndani ya rejeta ndogo iliyofichwa katikati ya dashibodi, yanarudi kwa mpira wa pili. Feni inapuliza hewa kupitia rejeta hiyo ndogo. Kuna na kimlango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi kulingana na ulivyozungusha kitufe. Basi, hakuna kingine. Injini isipopata moto, au maji yasipofika, hita haina cha kukupa.

Hapa niseme jambo moja la kuokoa injini. Ukiwa barabarani, hita ilikuwa inatoa joto vizuri, ghafla ikaanza kupuliza ubaridi huku mshale wa joto la injini unapanda: simama. Usiseme nifike Makambako kwanza. Maji yamepungua, na rejeta ya hita, ambayo kwa magari mengi iko juu, ndiyo inayokosa maji mapema. Zima injini, iache ipoe kabisa, ndipo ufungue kifuniko. Anayefungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto anajimwagia mvuke usoni.

Kipimo cha mkono

Washa gari, endesha kama dakika ishirini. Kusimama tu injini ikinguruma hakutoshi, hasa kwa dizeli. Hilux au Hiace ya dizeli ikiwa inanguruma tu bila mzigo inachelewa sana kupata moto, na wengine wanadhani hita ni mbovu kumbe hawajaipa kazi. Rudi, weka kitufe cha joto mwisho kabisa upande mwekundu, feni iwe ndogo, fungua boneti. Funga vizuri mikono ya sweta na kitenge kama umevaa, maana feni ya umeme ya rejeta ya injini inaweza kuanza yenyewe bila kukuuliza. Tafuta mipira miwili yenye unene wa kidole gumba hivi, inayoingia kwenye ukuta nyuma ya injini. Iguse kwa haraka, usiikamate.

Yote miwili ya moto kiasi kwamba huwezi kushikilia: maji yanafika na yanarudi. Shida iko ndani, ama kimlango cha kuchanganya hewa au upepo wenyewe.

Mmoja wa moto, mwingine wa baridi au vuguvugu: maji yanaingia hayapiti. Ama koki ya hita imefunga, ama rejeta ndogo imeziba, ama hewa imenasa humo.

Yote miwili vuguvugu: injini yenyewe haijapata moto, au maji ni kidogo.

Na kuna hali ya nne ambayo vitabu vya ufundi haviisemi: hukuti mipira miwili. Unakuta mpira mmoja umekunjwa kama herufi U, umetoka kwenye injini ukarudi kwenye injini, na matundu mawili ukutani yako wazi au yamezibwa kwa boliti. Hiyo ina maana rejeta ndogo iliwahi kuvuja na fundi akaiondoa kwenye mzunguko. Mwenye gari wa kwanza alijua, wewe hukuambiwa. Kwa Hiace zenye hita ya nyuma, angalia na chini ya sakafu pia: mabomba ya chuma yanayopeleka maji nyuma hushika kutu yakatoboka, na wengi huyakata na kuunganisha mbele. Hapo abiria wa nyuma wataendelea kujifunika mablanketi hata ukibadilisha kila kitu kingine.

Yote vuguvugu: uliza themostati iko wapi

Themostati ni kikoki kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ya kwenda rejeta kubwa ili maji yapate moto haraka. Joto likifika kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa Toyota nyingi nyuzi 82, nta inavimba na kusukuma mlango ufunguke. Kazi yake ni kuifanya injini iwe na joto lake linalostahili, iwe Tanga au Kitulo.

Sasa sikiliza safari ya gari la kawaida. Linatoka Dar, linapanda Mlima Kitonga likiwa na mzigo, linachemsha. Au linatoka Chimala kupanda Matamba kwa ile barabara ya kona tunayoiita Hamsini na Saba, linachemsha. Fundi wa njiani anafungua, anatoa themostati, anaitupa. "Nchi yetu ya joto, hii kitu ni ya Wazungu na Wajapani." Gari linapoa, mwenye gari anafurahi, na kuanzia siku hiyo maji yanazunguka rejeta kubwa muda wote. Uwanda wa chini huwezi kugundua. Ukija huku kwenye baridi, upepo wa mbele unapoza rejeta kupita kiasi, mshale wa joto unabaki chini ya robo, na hita inapuliza kitu kama pumzi ya friji.

Kibaya zaidi, kilichochemsha bado kipo. Kwa kawaida ni rejeta iliyojaa kutu na matope, feni isiyozunguka inavyotakiwa, au kifuniko cha rejeta kilichochoka. Hicho kifuniko kinadharauliwa sana. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na kazi yake ni kushikilia mgandamizo ili maji yachelewe kuchemka. Hapa Njombe maji ya sufuria jikoni yanachemka kwenye nyuzi kama 93, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kifuniko kikilegea, ile akiba ya injini yako kabla ya kuchemsha ni ndogo kuliko ya mwenzako wa Dar. Badilisha kifuniko kwanza, ni cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja.

Na kutoa themostati kuna gharama ambazo hazionekani. Kompyuta ya injini ya petroli ikisoma kwamba maji ni baridi, inaongeza mafuta kana kwamba ndiyo umewasha asubuhi. Unanunua mafuta zaidi kwa ajili ya injini ambayo haipati moto. Oili nayo inabaki na unyevu. Kwa injini kama 3L ya Hiace na Hilux, au 1HZ ya Land Cruiser, themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Nimebishana na mafundi wenzangu juu ya hili mpaka chai ikapoa.

Utajuaje bila kufungua? Ukiwa na Vitz au Passo, ile taa ya bluu ya kwenye dashibodi inatakiwa izime dakika chache baada ya kuondoka. Ikikaa imewaka mpaka unafika Mafinga, injini haipati moto. Kwenye gari lenye mshale, ukikaa chini ya robo muda wote huku unaendesha, ni jibu lile lile. Gari la karibuni lenye soketi ya kupimia kompyuta, chomeka kile kifaa kidogo kinachounganishwa na simu, usome joto la maji. Baada ya nusu saa ya barabara ya lami unatakiwa uone themanini na kitu hadi tisini na kitu. Ukiona 60, usitafute mchawi.

Angalia pia kama feni ya rejeta imeunganishwa moja kwa moja, yaani inazunguka kila ukiwasha gari hata asubuhi ya jalidi. Ni ufundi mwingine wa njiani. Themostati ikiwepo, feni hiyo haikusumbui sana. Isipokuwepo, vyote viwili kwa pamoja vinaiua hita kabisa.

Kurudisha themostati ni kazi ya saa moja au mbili kwa magari mengi. Injini iwe baridi. Kinga maji kwenye beseni safi, ondoa kifuniko cha themostati, kwangua gundi ya zamani kwa uangalifu bila kukwaruza alumini. Upande wenye springi unaingia ndani kwenye injini. Kama ina kitundu chenye kapini kanakocheza, hicho kikae juu, ndiko hewa inakotokea. Raba yake iwe mpya. Kabla ya kuifunga, ipime hata kama ni mpya ya dukani: ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, chemsha, weka kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyoandikwa na ifunge tena maji yakipoa. Nyuzi 93 za sufuria ya Njombe zinatosha kuifungua ya 82 bila shida. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Wale wanaoweka kipande cha boksi mbele ya rejeta ili gari lipate joto: kinasaidia, sikatai, malori ya mbao yanafanya hivyo. Lakini ukisahau kukitoa ukashuka nacho hadi Igawa na Chimala, ambako jua ni jingine, utakikumbuka kwa njia mbaya.

Maji na hewa

Kabla ya yote hayo lakini, injini ikiwa baridi, angalia kiwango cha maji ndani ya rejeta yenyewe. Tanki la akiba linaweza kuwa limejaa na rejeta iko nusu, kifuniko kikiwa kibovu. Kama maji yamepungua, kuna mahali yanakwenda. Tafuta alama za kutu au unga mweupe kwenye klipu za mipira, chini ya pampu ya maji, na zulia la miguu ya abiria wa mbele. Zulia likiwa na unyevu wenye harufu tamutamu, na kioo cha mbele kina utando wa mafuta usiotoka kwa kitambaa, rejeta ndogo inavuja. Hapo sasa dashibodi inafunguliwa kwa haki.

Ukishajaza, toa hewa. Hewa ikinasa kwenye rejeta ndogo, hita inapuliza baridi na unaweza kusikia sauti ya maji yakitiririka nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta. Paki gari pua ikitazama juu kwenye mwinuko, jambo ambalo Njombe si la kutafuta. Weka breki ya mkono na jiwe nyuma ya tairi. Kitufe cha joto mwisho. Injini ikiwa baridi na kifuniko kimeondolewa, washa, iache ingurume. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Minyaminya mpira mkubwa wa juu kabla haujawa wa moto sana. Endelea mpaka mpira mkubwa wa chini nao upate joto, maana yake themostati imefunguka, na mapovu yaishe. Funga kifuniko. Mapovu yasipoisha kabisa, yanakuja mfululizo kila ukiongeza mafuta, na maji yanapungua bila kuonekana yanapovuja, shuku gasketi ya silinda hedi. Hiyo ni habari nyingine na si ya kufanyia nyumbani.

Maji ya kuweka ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Najua maji ya bomba ni ya bei ndogo. Lakini ndiyo hayo yanayoleta kutu na magamba, na kutu hiyo hukimbilia kwenye vitundu vyembamba kuliko vyote, ambavyo ni vya rejeta ndogo. Soma chupa: kuna kulanti iliyokwisha kuchanganywa, unaimimina ilivyo, na kuna nzito unayochanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled). Kwa wanaolala Kitulo na Makete kuna sababu ya ziada, kwamba usiku wa chini ya sifuri maji matupu yanaweza kuganda.

Mmoja wa moto, mmoja wa baridi

Magari ya zamani, Carina, Corolla za miaka ya 90 na Hilux, mengi yana koki ndogo kwenye mpira wa kuingia, inayovutwa na kebo kutoka kwenye kitufe cha ndani. Mwambie mtu azungushe kitufe, wewe tazama koki. Isipocheza, kebo imechomoka au koki imeshika kutu. Mara nyingine ni klipu tu ya kurudisha mahali.

Koki ikiwa nzima, rejeta ndogo imeziba, na dawa yake ni kuisafisha kwa maji. Injini baridi, chomoa mipira yote miwili ukutani. Hapa ndipo pa kuwa mpole: mpira uliokaa miaka hung'ang'ania, na ukiuvuta kwa nguvu unapinda bomba jembamba la rejeta ndogo, kisha unajitengenezea ile kazi ya dashibodi tuliyokuwa tunaikwepa. Uzungushe kwanza uachie. Ukikataa, uchane kwa wembe kwa urefu. Mpira mpya ni rahisi kuliko rejeta.

Unganisha mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, kinyume cha mwendo wa kawaida, na kipande cha mpira kwenye bomba lingine kielekee kwenye ndoo. Fungua maji kidogo kidogo. Yatatoka ya rangi ya chai ya maziwa, pengine na vipande. Geuza upande, rudia, mpaka yatoke meupe na yatoke kwa kasi ile ile yanayoingia. Usitumie upepo wa kompresa ya tairi, rejeta hiyo ni nyembamba na itapasuka. Maji ya kwanza kutoka, pamoja na kulanti ya zamani, usimwage uani: ni matamu, mbwa na mbuzi wanayanywa, na ni sumu.

Upepo ukiwa mdogo

Hii ni rahisi na wengi wanaweza kuifanya wenyewe. Fungua kabati la dashibodi mbele ya abiria, bana pande zake mbili kwa ndani lishuke chini. Nyuma yake, kwa Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000, kuna kifuniko chembamba, na ndani yake filta ya hewa inayoingia kwa abiria. Kwa vumbi la barabara zetu za udongo inajaa hadi inakuwa kama tofali. Nimewahi kuitoa ikiwa na manyoya na punje za mahindi, panya alishahamia. Weka mpya, ukifuata mshale ulioandikwa pembeni. Kama huna mpya leo, endesha bila filta uone tofauti, lakini usizoee.

Halafu fungua boneti uangalie matundu chini ya kioo cha mbele ambako hewa inaingilia. Gari linalolala chini ya misonobari hujaza sindano za majani humo. Zitoe kwa mkono, usizisukume ndani.

Feni ikifanya kazi namba ya mwisho tu na nyingine hazifanyi, rezista ya feni imeungua. Iko karibu na feni hiyo hiyo, skrubu mbili tu. Ikiwa haizunguki kabisa, angalia fyuzi iliyoandikwa HTR au HEATER. Ikizunguka baada ya kuigonga kwa chini, brashi za mota zimeisha na siku zake zinahesabika.

Kama mipira yote ni ya moto, upepo ni mwingi, na bado unapata baridi, basi ni kimlango cha ndani. Zungusha kitufe kutoka baridi hadi moto huku feni imezimwa, usikilize. Kwenye magari ya kebo utasikia kimlango kikigonga mwisho wake; kwenye ya umeme utasikia mota ndogo ikinung'unika. Kimya kabisa, au mtik-tik usioisha, ndiko pa kuanzia kutazama, na mara nyingi panafikika kutoka miguuni kwa dereva au abiria bila kutoa dashibodi yote.

Ukimaliza kazi yoyote iliyogusa maji, usilifunge jambo siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uangalie kiwango, ujazie kilichoshuka, na upapase klipu zote kwa kidole kikavu.